Mlima Uliozimika na Maji Yake



Sisi tunaokaa upande wa magharibi wa Mlima Kenya twauona kila asubuhi kabla mawingu hayajapanda, nasi tumeuzoea hata twasahau kwamba zamani ulitoa moto. Moto huo ulizimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Wataalamu hukisia kwamba mlima ulipita mita 6,000. Leo Batian, kilele kirefu kuliko vyote, kina mita 5,199. Vile vilele vyenye ncha ni mwamba mgumu ulioganda kooni mwa volkano, na yaliyouzunguka yamemomonyolewa na barafu na mvua.

Krapf, mmisionari wa C.M.S., aliuona kutoka Kitui mwaka 1849. Alipoeleza habari za theluji, wako wenye elimu huko Ulaya ambao hawakumsadiki. (Wazee wetu, waliokuwa wakiomba wakiuelekea, hawakuhitaji kuhakikishiwa.)

Eliya naye alisimama mlimani pale Horebu, ukapita moto, wala Bwana hakuwamo katika moto ule (1 Wafalme 19). Mlima wetu ulipowaka haukumlisha mtu. Ulipopoa ndipo ulipoanza kunywesha: Naro Moru, Burguret, Nanyuki na Liki, yote hushuka hadi Ewaso Nyiro, na mto huo huenda Archer's Post, kwa ndugu zetu wa Samburu na Isiolo ambako mvua ni haba.

Hapa ndipo penye aibu yetu. Wakati wa kiangazi wako miongoni mwetu wanaofungulia mipira usiku, si zamu yao, na Jumapili twapiga magoti pamoja kuwaombea wenye kiu. Huko chini mifugo hukuta mchanga mtupu. Twajitetea kwamba watu wale hatuwajui. Lakini yule tajiri wa Luka 16 alimjua Lazaro hata kwa jina, na siku ile alichoomba ni maji, tena tone moja tu.

Wala tusitegemee barafu ya juu. Imepungua sana tangu Mackinder alipokwea mwaka 1899. Akiba iliyobaki ni msitu, nao twaukata kwa mikono yetu wenyewe.

Basi Jumamosi hii, baada ya sala ya asubuhi, tukutane mferejini. Kila nyumba ilete jembe. Aliye na mpira uliofichwa majanini aje nao, hataulizwa neno.