Kiziwi hana dhambi, sisi je?

Baba mmoja mtaani kwetu aliulizwa kwa nini kijana wake kiziwi, mwenye miaka 15 na aliyekwisha baleghe, haonekani madrasa wala msikitini. Akajibu kwa utulivu: "Ustadhi, huyu hasikii. Hana dhambi, ni wa peponi moja kwa moja." Waliokuwepo barazani wakaitikia: "Subhanallah!"

Ndugu msomaji, jibu hilo lina sura ya imani na huruma, lakini tulitazame vizuri. Katika hadithi mashuhuri, Mtume (s.a.w.) amewataja watu watatu ambao kalamu imeinuliwa kwao: aliyelala, mtoto mdogo na mwendawazimu. Kiziwi hakutajwa. Yeye ana akili timamu. Ikiwa hamjui Mola wake, si kwa sababu masikio yamefungwa, bali kwa sababu hakuna aliyemweleza kwa njia inayomfikia. Basi kama yeye hana dhambi, tuulizane: dhambi hiyo ni ya nani?

Wengi tunadhani lugha ni sauti. Sivyo. Katika Surat Aal Imran, Nabii Zakaria (a.s.) alipewa alama ya kutosema na watu siku tatu ila kwa ishara. Katika Surat Maryam, Bibi Maryam alipokabiliwa na watu wake, alimwashiria mtoto, na ishara ikawa ndiyo jibu. Mafaqihi nao wakakubali kuwa ishara ya bubu inayoeleweka husimama mahali pa maneno. Majalla, sheria ya dola ya Uthmaniyya ya karne ya 19, iliiweka kanuni hiyo katika kifungu cha 70. Ikiwa kwa ishara bubu huuza, hununua na hata kufunga ndoa, vipi sisi tuone aibu kuzungumza na mtoto wetu kwa mikono?

Watoto viziwi walio wengi, zaidi ya tisa katika kila kumi, huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mzazi hajui lugha ya alama, na mtoto hana nyingine. Watu wanacheka sebuleni, yeye anauliza kwa macho kuna nini, anapungiwa mkono: baadaye. Baadaye hiyo haiji. Na miaka ya mwanzo ndiyo lugha hujengeka kichwani. Ikipita mitupu, ni vigumu mno kuifidia. Ndiyo maana wataalamu wanashauri mtoto apimwe usikivu kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita.

Atasema mtu: si bora tutafute tiba? Itafuteni. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo, na Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017. Lakini gharama ni kubwa na si kila mtoto hufaa. Wakati sikio linatafutiwa tiba, akili ya mtoto inahitaji lugha leo. Dua iombwe pia. Ama subira, hiyo ni kuubeba mzigo, si kuutua njiani na kusema ni kadari.

Hata hivyo, si haki kumlaumu baba yule peke yake. Angempeleka kijana madrasa, nani angemfundisha? Tunachangishana Ijumaa hadi Ijumaa kwa ajili ya vipaza sauti, wala hatujafikiria kumlipa mkalimani mmoja wa lugha ya alama asimame karibu na mimbari. Tumeongeza sauti kwa wanaosikia, tukamsahau asiyesikia. Na tunaisoma Surat Abasa, iliyoteremka kwa sababu ya kipofu aliyekuja kutaka kujifunza!

Walimu wa lugha ya alama wapo, Chama cha Viziwi Tanzania kipo. Mzazi aanze na ishara kumi wiki hii: chakula, maji, mama, nakupenda, Mungu. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo kijana yule hatahitaji mkalimani wa kutueleza tulivyomwacha.

Wabillahi tawfiq.