Magunia Yamejaa, Jiko Limezimika

Mtaa wenyewe nausitiri jina. Uko Dar es Salaam, upande wa Temeke, na yaliyotokea pale yangeweza kutokea mtaa wowote wenye watu wema na njaa.

Wanawake watano wa mchezo mmoja wa kupeana hela walikuwa wakipika uji wa wagonjwa. Walianza na mtu mmoja tu, kijana wa bodaboda aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu, hana mke, hana ndugu wa karibu wa kumwashia moto. Dawa zile kwa kawaida humezwa kila siku kwa miezi sita, na aliyewahi kumuuguza mtu wa kifua anajua kwamba homa ikishapoa, njaa hurudi kwa kishindo. Zahanati walimwambia ale vizuri. Ale nini, hilo halikuwa kwenye cheti. Kijumbe wa mchezo, mama mtu mzima anayeuza vitumbua, akaanza kukoroga kikombe cha ziada alfajiri. Mwaka haujaisha, vikombe vikapita ishirini.

Waliolisha jiko lile ukiwaita wafadhili wangekucheka. Mwenye duka alitoa sukari kila Jumatatu. Fundi cherehani alitoa elfu moja kila Ijumaa, akisahau anajikumbusha mwenyewe. Mwenye mashine aliwasagia bure ulezi na mahindi yao, maana zilikuwa kilo chache. Vijana wa kijiweni walirusha mia tano mia tano kwenye simu. Yote yaliandikwa kwenye kaunta buku moja yenye jalada jekundu: kurasa za kushoto aliyetoa, za kulia aliyekula. Kulia ndiko kulikokuwa na elimu. Huyu ana kisukari, uji wake usitiwe sukari. Huyu ana vidonda mdomoni, upoe kwanza. Huyu alikuwa mwalimu, anaona haya, apelekewe baada ya magharibi kwa hotipoti, majirani wadhani mkwewe kaleta chakula.

Sasa akaja mfanyabiashara mmoja aliyekulia mtaani hapo. Sina sababu ya kumsema vibaya. Alisikia habari za jiko, akaguswa, akaja mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

"Nimekuja kuwashika mkono. Mnapungukiwa nini?"

Kijumbe akamjibu bila kupamba: mkaa, sukari, na nauli ya yule binti anayepeleka vikombe kwa wasioweza kutembea. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema hayo ni madogo mno, yeye ataleta kitu cha maana. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana swali lilikuwa zuri na jibu lilitupwa. Mkaa haupendezi kwenye picha.

Kitu cha maana kikawa magunia 40 ya mahindi. Siku ya makabidhiano palikuwa na bango, fulana, spika mbili, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na waandishi. Gari la matangazo lilikuwa limezunguka tangu jana yake likisema kuna msaada wa chakula, kwa hiyo walikuja hata wa mitaa ya mbali. Watu wakasukumana, uzio wa mabati ukalala, mtoto akakanyagwa mkono. Kwingine watu hawakupona kwa bei hiyo. Desemba 2024, Nigeria, waliokwenda kupokea chakula na zawadi za sikukuu walikufa kwa kukanyagana Ibadan, Okija na Abuja, yote ndani ya wiki moja. Ibadan pekee walikufa watoto 35. Njaa ikiitwa kwa spika huja yote kwa pamoja, na geti huwa ni lile lile moja.

Ila hasara kubwa ilianza baada ya spika kuondoka.

Ijumaa iliyofuata fundi cherehani hakuleta elfu yake. Alipoulizwa alishangaa kwa dhati: "Si mmeshapata mfadhili?" Mwenye duka naye vivyo hivyo. Vijana wa kijiweni walikuwa wameiona picha kwenye simu zao, magunia yamepangwa mpaka darini, wakaamua mia tano zao zina kazi nyingine. Mwenye mashine ndiye aliyekuwa na hoja nzito kuliko wote: kilo chache anasaga bure, tani nne hawezi, umeme analipa yeye. Kurasa za kushoto zikabaki nyeupe huku za kulia zikiendelea kujaa, kwa sababu tangazo lilikuwa limeleta wagonjwa wapya. Jiko likawa na mahindi ya kutosha jeshi, halina mkaa wa kuchemshia sufuria moja.

Mahindi yenyewe yalirundikwa chumbani kwa mmoja wa wapishi, chini sakafuni bila chaga, ukutani kunavuja. Nashuku yalinunuliwa yakiwa bado na unyevu, maana yalipatikana kwa bei ya chee. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, lakini nani pale alikuwa na kipimo? Kijumbe alipofungua gunia la chini alitia mkono akakuta punje zina joto, zimeshikana, zimeota ukungu wa kijani.

Wapo waliosema yapepetwe, yaoshwe, yapikwe, moto unaua kila kitu. Lakini sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kama ule, haifi kwa kuchemshwa uji. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, 125 wakafa. Kwetu, mwaka 2016, iliua watu Dodoma na Manyara. Inashambulia ini, na dawa za kifua kikuu nazo ini ndilo linalozibeba. Ukimpa mgonjwa yule uji wa mahindi yale, unamtwisha mzigo mara mbili. Akatokea mwingine na shauri la kuwauzia wafugaji. Kijumbe akakataa: ng'ombe akila, sumu inapita kwenye maziwa, na maziwa wanakunywa watoto wa mtaa huo huo. Alimpigia mfadhili, akapokea msaidizi, bosi yuko kikaoni. Mwisho akamwita bwana afya, na magunia karibu nusu yakaenda kuteketezwa. Kukodi gari la kuyabeba kulimaliza akiba ya mchezo.

Uji ulisimama karibu mwezi mzima. Katika muda huo wawili kati ya waliokuwa kurasa za kulia waliacha kwenda zahanati kuchukua dawa. Mmoja alirudi.

Watu hupenda kusema kutoa ni moyo, na mimi sibishi, ila jiko la kulisha watu linaendeshwa kwa hesabu: moto wa leo, maji ya leo, kikombe cha kesho. Anayetoa elfu moja kila Ijumaa anaingia kwenye hesabu hiyo. Anayetoa tani nne siku moja, asiulize zitasagwa na nani wala zitalala wapi, amewapa wapishi kazi ya pili juu ya ile waliyokuwa nayo.

Jiko lile linawaka tena. Kijumbe alizunguka mlango kwa mlango na kaunta buku yake kwapani, akiwaambia watu jambo ambalo hakudhani lingehitaji kusemwa: bado tunaihitaji mia tano yako. Siku hizi anayeleta gunia hufunguliwa gunia lake pale pale, punje zikamwagwa kwenye ungo, kisha huombwa na hela ya kusagia na ya mkaa. Picha zinaruhusiwa, za magunia tu. Juzijuzi bwana mmoja alikasirika akapakia mzigo wake na kuondoka nao. Aliyemfuata alitoa pochi akauliza mkaa wa wiki ni shilingi ngapi.