Ngurumo ya Kwanza

Jioni ya tarehe 2 Novemba 2024, radi iliwapiga watu waliokuwa wamekusanyika kusali katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda. Walikufa 14, wakajeruhiwa 34. Habari ile ilituuma sana sisi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa sababu huku nako tunasali chini ya mabati yaliyoshikiliwa na miti, na watoto huketishwa mbele.

Agosti 2020, kule Arua, watoto waliokuwa wakicheza mpira walikimbia mvua wakaingia kibandani. Kumi kati yao waliuawa na radi. Watoto wale walifanya kile ambacho kila mzazi humfundisha mwanawe: mvua ikija, kimbilia ndani. Lakini kujikinga na mvua si kujikinga na radi. Nyumba ya udongo, hema la shitingi na mti mkubwa kando ya njia vinaweza kukuacha mkavu, na bado radi ikapita mwilini mwako ikielekea ardhini. Mahali pa kukimbilia ni jengo imara lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji ukutani, au gari lenye bodi ya chuma, milango na vioo vikiwa vimefungwa. Bodaboda haimo. Ukiwa Mbarara mjini, maduka na taksi viko hatua chache kutoka uliposimama. Mama anayelima upande wa Rubondo, huku Nakivale, au aliyekwenda kuni mbali na kijiji, hana hata kimoja.

Ndiyo maana maandalizi yetu hayana budi kuanza na saa. Ukiona umeme umemulika, anza kuhesabu hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1 hivi. Ngurumo ikikufikia kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na kazi ikome. Usirudi shambani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kuni na safari ndefu za miguu ni za asubuhi, hasa miezi ya mvua. Na anayetoka aache neno nyumbani: naelekea wapi, narudi saa ngapi.

Nawasikia wenzangu wakisema, "Tuliyoyapita yanatosha, mvua itatufanya nini?" Nawaelewa. Ardhi hii imewapokea waliokimbia tangu mwisho wa miaka ya 1950, na kila aliyefika, awe ametoka Kivu, Burundi au Somalia, amebeba safari ambayo hangependa kuirudia. Ila tukisema kweli, hatukufika kwa ushujaa peke yake. Tulifika kwa sababu mtu alituonya njia ipi ina askari, na mwingine akatuamsha usiku ili tuondoke mapema. Desturi hiyo ya kuonyana isife kwa kuwa sasa tunalala kwa amani. Iendelee kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali, ili jirani yeyote asikose kuelewa.

Lipo jambo lingine linaloniumiza. Wako wanaosema aliyepigwa na radi asiguswe, eti umeme bado umo mwilini. Haumo. Mguse mara moja. Kama hapumui na hajitambui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na kwa haraka bila kukoma, huku mwingine akitafuta gari. Hospitali ya rufaa ya Mbarara iko mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka huku, na moyo uliosimama hausubiri safari hiyo. Dakika za kwanza ziko mikononi mwa jirani.

Shule na nyumba za ibada zinahitaji kufungwa kinga ya radi, na viongozi wetu waidai kwa kila shirika linalokuja kujenga. Hilo litachukua muda. Lakini kuna linaloweza kuanza kesho. Mama aliyekodiwa kulima anajua fika kwamba mawingu yamekuwa meusi. Anabaki na jembe mkononi kwa sababu akiondoka, ujira wa siku umekwenda na watoto watalala njaa. Basi mwenye shamba atamke mapema, kabla jembe la kwanza halijashuka, kwamba ngurumo ya kwanza ikisikika kila mtu aondoke, na kwamba siku hiyo atailipa yote.