Fimbo, Kitabu na Mwalimu

Hapana silaha iliyo rahisi kupatikana kuliko fimbo. Upanga wahitaji mhunzi, bunduki yahitaji kiwanda na kibali cha serikali, lakini fimbo yahitaji mti na kisu tu. Mchungaji anayo, mzee anayo, na msafiri wa miguu anayo. Kwa sababu ya urahisi huu, huenda mtu akadhani kwamba elimu ya fimbo nayo ni rahisi, na kwamba yeyote aliye na mti mkononi, kitabu mezani na uwanja nyuma ya nyumba yake amekwisha pata vyote vimpasavyo mwanafunzi. Nataka kuipima dhana hiyo. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu aweza kujifunza peke yake, nyumbani kwake, sanaa iliyotungwa kwa ajili ya watu wawili? Na kama aweza, ana haki gani juu ya alichojifunza, na ana deni gani?

Ili swali lisielee hewani, tulishushe katika nchi tuijuayo. Nachingwea na Ruangwa ni wilaya mbili jirani katika Mkoa wa Lindi, nchi ya korosho na ufuta, na mpaka mwaka 1995 zilikuwa wilaya moja. Tuseme yuko kijana katika mojawapo ya miji yake ambaye moyo wake umevutwa na sanaa ya fimbo ya Wajapani. Hapana aibu katika mvuto huo, maana elimu haina kabila. Lakini atajifunza kwa nani? Dar es Salaam i mbali naye kwa zaidi ya kilomita 500. Sanaa nyingine za Kijapani zilifika kwetu kwa miguu ya watu: katika miaka ya 1970 Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alifundisha karate ya Goju-ryu Dar es Salaam, na katika miaka ya 1990 Mjapani aliyehamia Zanzibar, Tsuyoshi Shimaoka, alifundisha judo huko. Kijana wetu hakupata mjumbe wa namna hiyo mlangoni pake. Amebaki na karatasi, na picha zinazotembea ndani ya simu yake.

Sanaa anayoitafuta ina nasaba yake. Shule iitwayo Shinto Muso-ryu yahesabiwa kuwa ilianza mapema katika karne ya 17, na mwanzilishi wake ni Muso Gonnosuke. Fimbo yake, iitwayo jo, ni mti mgumu ulionyooka, wenye urefu wa sentimita 128 hivi na unene wa sentimita 2.4. Si ndefu kama ile iitwayo bo, ambayo hufika sentimita 180 hivi na kumpita kimo mtu wa kawaida. Ncha za jo ni sawa, nayo yaweza kushikwa mahali popote. Hapo ndipo ulipo ujanja wake mbele ya upanga, ambao una mpini upande mmoja na makali upande mmoja. Kwa muda mrefu elimu hiyo ilitunzwa katika himaya ya Fukuoka, wala haikutolewa kwa watu wa nje. Katika karne ya 20 mwalimu Shimizu Takaji, aliyeishi kutoka mwaka 1896 mpaka mwaka 1978, aliifikisha Tokyo, akapanga mapigo 12 ya msingi ambayo mtu aweza kuyafanya peke yake kwanza, kisha na mwenzake. Mwaka 1968 Shirikisho la Kendo la Japani likakubali mifano 12 ya mapambano ya jo ifundishwe kwa watu wote.

Habari hii yatupa kanuni ya kwanza ya kuchagua vifaa vya kusomea. Ziko shule za kale, kama Katori Shinto-ryu, ambazo mwanafunzi aliyeingia alikula kiapo na kukitia muhuri kwa damu yake, asionyeshe wala asisimulie kwa watu wa nje yale aliyofundishwa. Lakini ni mwalimu wa shule hiyo hiyo, Otake Risuke, aliyetoa katika miaka ya 1970 vitabu vitatu vyenye picha, kwa Kijapani na kwa Kiingereza, ili ulimwengu upate kuijua. Alichotoa mwenye nacho kwa hiari yake ni halali kwa msomaji, hata msomaji huyo akiwa Ruangwa na mwandishi akiwa Japani. Lakini picha iliyochukuliwa kwa kificho katika mazoezi ya watu walioapa si elimu iliyotolewa; ni mali iliyonyang'anywa, na anayeifuata huanza mafunzo yake ya adabu kwa kuvunja adabu. Kwa hiyo kabla kijana hajauliza kama kitabu ni kizuri, na aulize kama ni cha nani, kama mwandishi wake ataja jina la mwalimu wake, na kama alikuwa na idhini ya kusema aliyoyasema. Kitabu kisichomjua mwalimu wake ni kama mtoto asiyejua jina la baba yake: yamkini ni mwema, lakini hapana wa kumdhamini.

Hapa mbishi atasimama na kusema: Gonnosuke mwenyewe hakujifunza peke yake? Ndivyo masimulizi ya shule yanavyosema: alishindwa na mpiga panga mashuhuri, Miyamoto Musashi, akajitenga katika mlima wa Homan, na huko upwekeni akapata siri ya fimbo fupi. Ikiwa mwanzilishi alifundishwa na mlima, kwa nini kijana wa Nachingwea asifundishwe na uwanja wake? Hoja hii ina nguvu, walakini yasahau mambo mawili. La kwanza, Gonnosuke alipanda mlima akiwa amekwisha pita mikononi mwa walimu. Upweke wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba mafunzo. La pili, na ndilo kubwa, swali alilokwenda nalo mlimani hakujipa mwenyewe. Alipewa na mtu aliyemshinda. Upweke wampa mtu nafasi ya kutafuta jibu, lakini swali la fimbo huulizwa na mpinzani.

Sasa twaweza kuona kitabu kinaweza nini na hakiwezi nini. Kitabu chaweza kumwonyesha kijana mahali pa mguu, mshiko wa mkono na njia ya ncha ya fimbo hewani. Chaweza kumwamsha alfajiri na kumfundisha kurudia pigo moja mara mia bila kushangiliwa na mtu, na mtu aliyeweza hilo amepata fadhila ambayo wengi wenye walimu hawanayo. Lakini mifano ya mapambano katika shule za kale ina desturi moja inayopasa kufikiriwa sana. Katika mazoezi ya jo, aliye mkubwa kwa elimu hushika upanga wa mti, na aliye mdogo hushika fimbo. Mwalimu hushambulia, mwanafunzi hujibu, na katika mwisho wa mfano ni mwalimu anayeshindwa. Hushambulia kwa kasi ambayo mwanafunzi aweza kuipokea na kidogo zaidi, hufungua mlango mahali ambapo mwanafunzi apasa kuingia, na asipoingia vema humwonyesha kuwa angekufa. Kazi ya mwalimu, basi, ni kushindwa kwa ustadi ili mwingine ajifunze kushinda. Kitabu hakiwezi kazi hiyo. Kitabu hakishambulii, hakishindwi, wala hakimkatazi msomaji anapojidanganya. Mtu apigaye hewa hashindwi kamwe, na mtu asiyeshindwa kamwe huanza kuamini kwamba ameshinda.

Nachingwea haina haja ya kuletewa mfano wa jambo hili kutoka Japani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ulikuwa mzuri katika karatasi: ekari zaidi ya milioni 3, matrekta, reli na bandari ya Mtwara. Uchunguzi ulikuwa wa muda mfupi, na walioandika walikuwa wamezoea kupiga hewa. Ardhi ilipojibu kwa visiki, kwa ukame na kwa udongo mgumu, karatasi haikuwa na la kusema. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni nyingi zimekwisha potea. Hata reli ikaja kung'olewa baadaye. Wakulima wa nchi, ambao walikuwa wameulizwa maswali na ardhi hiyo kwa vizazi vingi, hawakuulizwa lolote na wenye karatasi. Sisemi kuwa elimu ya karatasi ni ya uongo. Nasema kuwa elimu ya karatasi isiyokubali kupingwa haijawa elimu bado.

Tumwambie nini kijana, basi? Kumwambia aache kwa kuwa hana mwalimu ni dhuluma. Ingekuwa kusema kuwa elimu ni haki ya wakaao karibu na mji mkuu peke yao. Kumwambia kuwa kitabu chatosha ni uongo. Kati ya dhuluma na uongo iko njia. Na achonge fimbo yake kwa mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka. Na achague kitabu kimoja chenye nasaba badala ya picha mia zisizo na wenyewe. Na ajifunze yale mapigo ya msingi yaliyopangwa kwa mtu mmoja, asirukie yale ya watu wawili kwa kumzua mpinzani akilini. Kisha na ajifunge kwa ahadi tatu: asijiite mwalimu, asiijaribu fimbo yake juu ya mwili wa mtu asiyekubali, na akipata siku moja nauli ya kumfikia ajuaye, aende, na akifika asione haya kuanza upya.

Tena na atazame karibu. Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Pwani yetu ina kirumbizi, mchezo wa bakora unaochezwa Lamu, ambamo wawili hupambana katikati ya duara la watu, ngoma na zumari zikilia. Elimu yake imekaa katika miili ya watu zaidi kuliko katika vitabu, na miili hufa. Kijana atafutaye kitabu cha fimbo ya Wajapani apata kuona kwa uchungu wake mwenyewe thamani ya walimu waliokubali kuandika. Uchungu huo wapasa kumfunza jambo la pili: kuwauliza wazee wenye bakora wangali hai, na kuandika majibu yao, ili kijana wa Japani naye akitamani fimbo yetu asikute ukurasa mtupu.

Hilo ndilo deni lake, nalo halilipwi kwa fedha. Aliyejifunza kwa kitabu amekopa kwa mtu asiyemjua. Atalilipa siku atakapompata mdogo wake aliye na hamu kama yake, akamweleza bila kuficha kitu ni wapi alikopata kila anachokijua na ni wapi ujuzi wake unapokoma. Kisha akampa fimbo, yeye akashika upanga wa mti, na akakubali kushindwa.