Bangili Zilizopotea: Je, Yafaa Mkristo Abishane juu ya Fidia?

Ndugu wasomaji, mwezi huu nawaletea neno ambalo wengi hulidhani kuwa ni la ofisini tu, wala si la kanisani. Mtu aliyepotewa na mali, naye ameahidiwa fidia, akiletewa fidia pungufu, je, anyamaze au adai? Nalileta kwa kuwa lilinifikia nyumbani kwangu hapa Tabora, nami nililijibu vibaya.

Mama mmoja mjane wa usharika wetu alivunjiwa nyumba usiku. Wezi walichukua bangili zake za dhahabu, ambazo marehemu mumewe alimpa moja moja katika miaka mingi ya ndoa yao. Vitu vya nyumba vilikuwa na bima, naye alilipa ada kila mwaka pasipo kukosa. Akatoa habari polisi, akaandika dai lake la bangili nne. Kisha ikaja barua: kampuni ilikuwa tayari kumlipa fedha ambazo hazikufika theluthi ya thamani ya dhahabu ile. Pamoja na barua ilikuwako hati ya kutia sahihi, yenye kusema ya kuwa akiisha kupokea, dai limekwisha kabisa. Mama huyu ameniruhusu kusimulia habari hizi, pasipo kumtaja jina.

Akanijia na maswali mawili. La kwanza: "Baba Mchungaji, nikikataa nitahesabiwa kuwa mtu wa tamaa?" La pili alilisema kwa haya. Jirani alimshauri aandike ya kuwa bangili zilikuwa sita, kwa maana wao wamepunguza, naye aongeze, ili wakutane katikati.

Swali la pili nililijibu upesi, ya kwamba huo ni uongo. La kwanza nalo nililijibu upesi, na hapo ndipo nilipokosa. Nalimwambia atie sahihi, apokee alichopewa, kwa kuwa amani ni bora kuliko dhahabu. Akanishukuru, akaenda zake.

Usiku ule dhamiri yangu ilinisumbua. Katika Katekisimo Ndogo twafundisha ya kuwa amri ya saba haikatazi wizi tu, bali yatuagiza pia kumsaidia jirani kuilinda mali yake. Mimi nalikuwa nimemwambia mjane aache haki yake, hali sijaisoma hata hati yake ya bima. Amani niliyomhubiri ilikuwa amani yangu mimi, nipate kupumzika na shauri lake. Mtu aweza kusamehe deni lake mwenyewe, na ni vema. Lakini kusamehe deni la mwingine kwa niaba yake si upole. Asubuhi nalikwenda kwake, nikamwomba asitie sahihi kwanza.

Basi na tutazame bima ni kitu gani. Mji wetu ulikua kwa biashara ya misafara. Toka Bagamoyo hata Unyanyembe, na toka hapa hata Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mizigo ya nguo, ushanga na masango, wakarudi pwani na pembe za ndovu. Mwenye mali aliyebaki nyuma hakuweza kuuona mzigo wake. Alitegemea uaminifu wa watu. Daktari Livingstone aliporudi Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, mgonjwa na amechoka, alimkuta mtu aliyekabidhiwa vitu vyake amekwisha kuviuza, kwa kisingizio cha kuwa mwenyewe amekufa. Hakupata fidia, akabaki maskini katika nchi ya ugeni.

Bima ni agano la watu wengi dhidi ya hasara za namna hiyo. Kila mmoja hutoa kidogo, ili yule atakayepatwa asiangamie. Katika nchi yetu Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Tangu 1967 kazi yote ya bima ilikuwa mikononi mwake, hata sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Lakini ashikaye sanduku awe nani, agano ni lile lile, na fedha za kulipia hasara zatoka katika ada za watu wengi. Kwa hiyo kuna njia mbili za kuiba katika sanduku hili. Kampuni ikimlipa mtu pungufu ya ahadi, yamwibia huyo mmoja. Na mtu akidai zaidi ya alichopoteza, awaibia wale wengi, ambao miongoni mwao wamo wajane kama yeye. Uovu wa kwanza hauuhalalishi wa pili, kwa sababu watakaolipa si wale waliokosa.

Sasa, haki ni kiasi gani? Wazee wa misafara walijua ya kuwa thamani ya kitu yategemea mahali na wakati. Ushanga wa rangi iliyopendwa katika nchi moja ulikataliwa katika nchi nyingine, na msafiri aliyechagua vibaya huko pwani aliweza kuwa na mizigo mingi, na bado akakosa chakula. Ndivyo ilivyokuwa katika barua ile. Tulipoisoma pamoja tuliona ya kuwa kampuni imehesabu bei iliyoandikwa katika stakabadhi za zamani, tena imetoa sehemu kwa ajili ya uchakavu, kana kwamba dhahabu ni nguo. Lakini hati ya bima iliahidi kumrudisha katika hali aliyokuwa nayo siku ya hasara. Dhahabu ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu safi katika 24, iwe mpya au ya zamani. Yampasa mtu aipime kwa uzito wake na kwa bei ya wakati ule ilipopotea.

Walakini hati humfunga pia aliyeidai. Hati nyingine huweka kikomo kwa kila pambo; kikomo hicho kikiwamo, tusikilalamikie, maana tulikikubali. Tena wengi huandikisha mali yao kwa thamani ndogo, wapunguze ada. Tuseme mali ya nyumbani ni ya shilingi milioni 10, nawe umeandikisha milioni 5 tu. Ikiibiwa ya milioni 2, kampuni yaweza kukulipa milioni 1, kama hati yasema hivyo; kwa kuwa nusu ya hatari uliichukua wewe mwenyewe. Hapo usimwite karani mwizi.

Kitabu cha Mithali chamtaja mnunuzi anayekitukana kitu mpaka apunguziwe bei, kisha huenda zake akijisifu. Wengi wetu twacheka, tukimwona mwenzetu sokoni. Lakini kampuni inayoidharau mali ya mtu, na mtu anayeitukuza kupita kweli, wote wawili ni mnunuzi yule.

Tukaanza kutafuta ushahidi. Sonara aliyezitengeneza alikuwa ameandika uzito katika daftari lake, naye akatupa nakala. Mama akatoa na picha ya arusi ya binti yake, ambamo mikono yake yaonekana. Akaitazama sana, kisha akalia. Mkononi zilikuwamo bangili tatu. Ndipo akakumbuka ya kuwa ya nne ilikwisha kuuzwa kabla ya arusi ile, mumewe alipolazwa hospitali, nayo kwa huzuni ya siku zile ikamtoka moyoni.

Nakiri mbele yenu ya kuwa nami nilinyamaza kitambo. Hapana aliyejua neno hili ila sisi wawili. Kampuni ilikuwa imempunja. Je, bangili moja isiyokuwapo isingekuwa malipo ya mapunjo hayo? Mimi niliyemkaripia kwa shauri la jirani, sasa shauri lile lile lilikuwa moyoni mwangu, limevaa nguo safi. Ni yeye aliyeshika kalamu kwanza. Akaandika: "Nilikosea, zilikuwa tatu." Kisha chini yake akadai tatu hizo kwa uzito wake wote, akaeleza kwa nini bei ya zamani haitoshi, akaambatanisha picha na nakala ya sonara.

Kampuni ikajibu. Bangili mbili zilizoonekana wazi ikazilipa kwa uzito na bei ya wakati wa wizi. Ya tatu haikuwamo katika daftari la sonara, wala haikuonekana vizuri, nayo ikalipiwa sehemu tu. Angeweza kuendelea, kwa kuwa sheria ya mwaka 2009 imeweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, apate kuwasikiliza wasioridhika na jibu la kampuni. Yeye akaona yatosha, akatia sahihi. Safari hii alijua anachokipokea na anachokiacha, na msamaha ulikuwa wake mwenyewe.

Ndugu waalimu na wazee, mkiulizwa neno kama hili, msijibu upesi kama mimi. Someni hati pamoja na mwenye shida. Mfundisheni kudai kilicho chake chote, na kuacha kisicho chake chote. Tena mwambieni ukweli huu: ukumbusho wa mume haukuwekewa bima, wala hapana kampuni iwezayo kuulipa, asiugeuze kuwa hesabu. Kwa huzuni ile, mjane hahitaji barua. Yahitaji twende kwake, tuketi naye.