Nani Mwenye Dawa?

Mtu akinunua mkate, mkate ni wake. Aweza kuula wote, kuugawa au kuutupa, wala hapana wa kumdai hesabu. Je, dawa iuayo bakteria ni mali ya namna hiyo?

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alilitazama swali hili mapema. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, Desemba 1945, alitoa mfano wa mume aumwaye koo. Mume alijinunulia penisilini, akatumia kiasi kisichotosha kuua vijidudu, lakini kitoshacho kuvizoeza dawa. Akamwambukiza mkewe, mke akapata kichomi, akatibiwa kwa penisilini, akafa. Mwenye lawama ya mauti hayo ni nani? Fleming alijibu kuwa ni mume.

Mfano ulikuwa wa kubuni, lakini maafa yake si ya kubuni. Kwa mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo 1,270,000 duniani.

Namna yake ni hii. Katika umati wa bakteria hutokea wachache wawezao kuihimili dawa. Dawa huangamiza walio dhaifu. Wachache wale husalia, huzaana na huenea. Kwa hiyo kila itumiwapo, hata kwa haki, dawa huweza kupungukiwa na nguvu. Itumiwapo kwa mafua, maradhi ya virusi ambayo haiwezi kuyagusa, hupungukiwa bure. Mlaji wa mkate hammalizii jirani shibe. Mtumiaji wa dawa aweza kummalizia jirani uponyaji.

Yuko atakayeuliza: mama maskini, mwenye fedha za vidonge vya siku mbili tu na mtoto mwenye homa kali, ahukumiwe sawa na tajiri? La. Lawama hufuata ujuzi na uwezo. Muuzaji auzaye bila cheti cha daktari anajua atendalo. Tabibu aandikaye dawa isiyohitajika ili amridhishe mgonjwa anajua zaidi. Mfugaji awapaye kuku wazima dawa ili wanenepe hutafuta faida, si uzima. Na serikali iachayo zahanati bila dawa wala maabara imemwachia mama yule njia moja, kisha haiwezi kumlaumu kwa kuifuata.

Hata hivyo umaskini hupunguza hatia, haupunguzi madhara. Bakteria hawapimi nia. Basi jibu la Fleming ni la kweli, lakini si kamili: nyuma ya mume yuko aliyemuuzia, na nyuma ya muuzaji wako waliomruhusu.

Dawa hii ni kisima cha mji. Kila mwenye kiu ana haki ya kunywa. Hakuna mwenye haki ya kukichafua. Na wengi wa wenye haki katika kisima hicho hawajazaliwa bado; hawawezi kujitetea ila kwa kiasi cha wanaoishi leo.