Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Somo: 2 Samweli 23:13–17



Daudi alikuwa pangoni Adulamu, na Wafilisti walikuwa wameishika Bethlehemu. Akatamani maji ya kisima cha langoni kwao. Hakumwamuru mtu. Alitaja tu haja yake, nao mashujaa watatu wakasikia, wakapenya kambi ya adui, wakayateka wakamletea. Naye hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliyahesabu kuwa damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Nimelikumbuka somo hili kwa sababu ya maneno yanayosemwa hata baada ya ibada, kwamba wanachuo wa siku hizi hawana upendo: watu wa damu salama wakifika chuoni, vijana hujificha mabwenini. Nimefundisha chuo cha ualimu miaka mingi, na maneno hayo siyakubali. Tangu Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulipoanza mwaka 2004, wanafunzi wa sekondari na vyuo wamekuwa nguzo ya kazi hiyo, hata shule zinapofungwa akiba ya damu hupungua.

Lakini wako wanaojificha kweli, na yafaa tuwasikilize kabla ya kuwahukumu. Woga wa sindano tuuache, huo hauna haja ya mahubiri. Wengine huogopa kupungukiwa. Mtu mzima ana damu yapata lita 5, na anayochangia ni mililita 450 hivi. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu kwa majuma kadhaa, na ndiyo sababu mwanamume hungoja miezi 3 na mwanamke miezi 4 kabla ya kuchangia tena. Hesabu hii ni nzuri, ila mwanachuo aliyeshindia uji huisikiliza kwa tumbo. Tusiicheke soda na biskuti anayopewa.

Woga mkubwa zaidi ni wa majibu. Damu yote hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kijana aliyekwenda na wenzake akicheka aweza kurudi peke yake na habari nzito. Huyo anahitaji mshauri atunzaye siri, na kanisa lisilonong'ona anapoingia. Je, sisi ni kanisa la namna hiyo?

Na nyuma ya hofu hizi yuko mumiani. Sisi wa rika langu tulitishwa naye utotoni, na wazee wetu waliwashuku hata watu wa zimamoto kuwa ni wanyonya damu. Mumiani wa leo amebadili koti tu. Sasa husemwa kwamba damu inatolewa bure, kisha inauzwa. Maneno haya hayafutwi kwa kumwambia kijana kuwa ni uzushi. Tangu mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizihimiza nchi zitegemee wachangiaji wa hiari wasiolipwa, na mtu aliyetoa bure ana haki ya kuona inapokelewa bure. Mahali po pote mama aliye hatarini katika uzazi anapodaiwa fedha ya kichochoro ili apate chupa moja, mdai huyo amekunywa maji ambayo Daudi aliogopa kuyanywa. Amewafukuza pia vijana mia ambao wangekuja kesho. Mkristo mwenye kazi hospitalini alisome somo hili mara mbili.

Ni nini basi huwaleta? Kwa niliyoyaona, mahubiri huleta wachache. Huletwa na rafiki aliyekwishachangia na yu mzima, au na mwalimu aliyekunja shati lake kwanza mbele yao. Mwenye dada aliyeokolewa kwa damu ya mtu asiyemjua haitwi mara mbili. Wengi zaidi huja kwa sababu wameambiwa haja ilivyo: mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, mgonjwa wa selimundu, kijana wa bodaboda aliyegongwa usiku. Wale watatu nao walikwenda kwa kuwa walisikia.

Haja hiyo haingojei siku ya sherehe. Chembe nyekundu hutunzwa katika jokofu siku 35 hivi, na chembe sahani siku 5 tu. Damu ya mwezi Machi haitamfaa mgonjwa wa Juni, wanachuo wakiwa likizoni kwao. Umri unaotakiwa ni miaka 18 hadi 65, na uzito usiopungua kilo 50. Kwa hesabu hiyo kwaya yetu imo karibu yote, Umoja wa Akina Mama wamo wengi, na hata mimi nimebakiwa na miaka michache. Naomba Kasisi wetu atutangazie haja hii Jumapili kabla vyuo havijafungwa, kwa sauti ile ile anayotutangazia mchango wa mabati.